Mchanga wa Dagaa na Nyota za Simu

Mwaka 1871, Henry Morton Stanley alipoingia Ujiji na kumkuta Dakta David Livingstone amedhoofika kwa maradhi na upungufu wa vitu, waungwana wa mji ule hawakuwaacha wageni wao wazungumze na njaa, bali kila mmoja alitoa alichojaliwa: kwa Sayd bin Majid ilitoka sinia ya mikate ya nyama ingali moto, kwa Mohammed bin Sali ukatoka mchuzi wa kuku, na kwa Muini Kheri nyama ya mbuzi pamoja na wali. Livingstone, ambaye kabla ya siku ile tumbo lake lilikuwa likikataa karibu kila kitu isipokuwa chai, alikula kwa hamu iliyomstaajabisha mwenyewe, na Stanley akayaandika yote hayo katika kitabu kilichochapishwa London mwaka uliofuata. Richard Burton, mgeni aliyewatangulia kufika Ziwa Tanganyika, Februari 1858, akiwa mgonjwa taabani, alikuwa ameandika kwa kalamu chungu zaidi juu ya watu wa Ujiji, ushuru wao, na jeuri aliyodhani kaiona kwao. Si sifa za Stanley wala shutuma za Burton zilizopata jibu, maana kalamu ilikuwa mkononi mwa mgeni, na wengi wa wale waliosimama jikoni hawakutajwa hata majina.

Hali hiyo imegeuka katika zama zetu. Kalamu sasa i mkononi mwa kila mwenye simu, na mwenye jiko naye amepewa nafasi ya kujibu chini ya maneno yale yale aliyoandikiwa. Lakini wengi wa walaji na wengi wa wapishi hawajajifunza bado adabu ya chombo hiki kipya, na kwa kutojifunza huko huumizana bure. Rai yangu, nitakayoieleza kwa mifano ya huku kwetu kandokando ya Ziwa Tanganyika, ni kwamba ugomvi mwingi baina ya migahawa na wakosoaji wa mtandaoni hutokana na kusahau kuwa mtu anayekula mgahawani ni mgeni na mnunuzi kwa wakati mmoja, na kila moja ya hadhi hizo mbili ina haki zake na miiko yake.

Jambo lenyewe huwa hivi. Mtu akishakula katika hoteli ya mjini Kigoma, tuseme Mwanga au Ujiji au karibu na stesheni ya reli, hufungua ramani ya Google katika simu yake, akalitafuta jina la mahali, akabonyeza nyota kuanzia moja hata tano, kisha akaongeza maneno na picha akipenda. Watalii waendao Gombe kuwatazama sokwe, nao aghalabu hulala Kigoma kwanza, huandika zaidi katika TripAdvisor, mtandao wa Kimarekani ulioanzishwa mwaka 2000 kwa ajili ya wasafiri. Vijana hupiga picha za video wakazitia TikTok au Instagram, wakionja na kukunja uso mbele ya kamera. Lakini ukitoka mjini kuelekea kusini hata ufike Ilagala, katika Wilaya ya Uvinza, karibu na mahali Mto Malagarasi unapomwagikia ziwani, utakuta kwamba wauza chakula walio wengi hawamo katika ramani yoyote, na sifa yao nzuri au mbaya husafiri kwa midomo ya madereva wa bodaboda na abiria wavukao baina ya Ilagala na Kajeje, na siku hizi kwa magrupu ya WhatsApp, ambamo sentensi moja ya mtu aliyeumwa tumbo huwafikia jamaa na majirani kabla sufuria haijaoshwa.

Nimepata kushuhudia, katika kibanda cha mama lishe mmoja wa upande huo, lawama ikitolewa na kuhukumiwa kwa utaratibu ambao sijauona bado katika simu. Msafiri mmoja kijana aliletewa ugali wa muhogo na mgebuka wa kuchemsha, akamega kipande, akanusa, akasema kwa sauti ambayo sote wa mabenchini tuliisikia, "Mama, huyu samaki kachina." Mama hakukasirika wala hakucheka. Alisogea, akasema, "Mwanangu, kachina wapi? Nionyeshe," akaipasua nyama karibu na mgongo kwa ncha ya kidole, akanusa yeye mwenyewe, akaiondoa sahani. Aliporudi alikuwa na dagaa waliopikwa kwa mawese, akamwekea akisema, "Kula hawa, bei ile ile. Na aliyeniletea huyo asubuhi nitaonana naye." Mashtaka, ushahidi, hukumu na fidia vyote vilimalizika kabla chai yangu haijapoa, na waliosikia mashtaka ndio hao hao waliosikia jibu, hata hakuna aliyetoka pale na nusu ya habari.

Simu, kinyume cha hayo, huvitenga vitu hivi. Mlaji hula, akanyamaza, akalipa, akaaga kwa tabasamu, na usiku akiwa kitandani huandika kwamba samaki alikuwa ameoza. Mpishi huamka asubuhi akiona nyota moja, hamjui mwandishi, hakumbuki sahani, wala hana tena samaki wa kumnusa. Ndipo ghadhabu zinapopata nafasi, kwa kuwa kosa ambalo lingaliponywa kwa dagaa wa mawese limekwisha kuwa aibu ya hadhara.

Watu wa Ujiji, mji wenye misikiti mingi na madrasa, watanijibu kwamba mambo haya yana mafunzo yake tangu zamani, na kweli yanayo. Imepokewa na Abu Huraira, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume hakupata kukitia ila chakula chochote: akikipenda alikila, asipokipenda alikiacha. Wako wanaoikamata hadithi hii wakasema kwamba kulaumu chakula ni haramu tupu, na kwamba kila aandikaye nyota moja amefanya ghiba. Lakini Mtume huyo huyo, katika hadithi nyingine aliyoipokea Muslim, alipita sokoni, akatia mkono katika rundo la nafaka, vidole vyake vikapata unyevu ndani ilhali juu palikuwa pakavu, akamuuliza muuzaji habari yake na kumkemea kwa kuuficha unyevu ule watu wasiuone. Imam Nawawi, alipoorodhesha katika Riyadhu Swalihina hali ambazo kumtaja mtu kwa ubaya wake hakuhesabiwi kuwa ghiba, alitia mojawapo kuwatahadharisha watu na shari. Kwa hiyo aliyekaribishwa nyumbani kwa mtu akapewa mchuzi usio na chumvi, ale au anyamaze, maana amekirimiwa. Na aliyelipa shilingi zake kwa samaki mzima akapewa aliyechina, ana haki ya mnunuzi kudai, na akiona kuwa amedanganywa kwa makusudi ana haki ya kuwahadharisha wengine. Tatizo la mgahawa ni kuwa unaitwa kwa jina la ukarimu na unaendeshwa kwa hesabu ya duka, na wenye migahawa wengine hupenda kuchuma katika pande zote mbili: wakati wa kulipwa ni wafanyabiashara, wakati wa kulaumiwa ni wenyeji waliovunjiwa heshima.

Kwamba lawama ya mnunuzi inaweza kuleta faida kuliko sifa, sina haja ya kwenda mbali kulithibitisha, maana dagaa wenyewe ni shahidi. Hawa huvuliwa usiku wa giza kwa taa zinazowavuta juu ya maji, wakafikishwa alfajiri katika mialo kama Kibirizi na Katonga, na kwa miaka mingi desturi ya walio wengi imekuwa kuwatandaza juu ya mchanga wa ufuoni, kuwageuza kwa ufagio, na kuwazoa jua likipunga. Dagaa wa Kigoma wana jina kubwa Dar es Salaam na Bara zima, na husafirishwa hata Kongo na Zambia. Lakini jina hilo limefuatwa siku zote na manung'uniko yale yale, kwamba mtu akitafuna husikia mchanga katika meno, hata awaoshe mara ngapi. Mama lishe ambaye hakuvua wala hakuanika ndiye aliyebeba lawama ya mwisho, kwa sababu yeye ndiye aliyesimama karibu na kinywa cha mlaji. Naye akaipeleka nyuma kwa muuzaji, na muuzaji akaifikisha ufuoni kwa njia ya bei. Vichanja vya wavu vilivyoinuliwa juu ya ardhi, ambavyo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilivieneza ng'ambo ya Burundi na ambavyo leo vinaonekana katika mialo ya upande wetu pia, vilipata wafuasi kwa sababu dagaa wa kichanja hukauka vizuri, hawana mchanga, na hununuliwa kwa bei bora kuliko wa mchangani. Lau walaji wote wangalinyamaza kwa adabu, sidhani kwamba mtu angalijitaabisha kununua miti na wavu.

Hata hivyo lawama hiyo ilifaa kwa kuwa ililenga kitu kilichojulikana na kilichoweza kurekebishwa. Mkosoaji asiyejua mahali alipo huandika mambo ambayo hakuna mpishi awezaye kuyaponya. Mwezi unapokuwa mpevu, mwanga wa taa haufui dafu mbele ya mwanga wa mbingu, dagaa hutawanyika, wavuvi wengi hupumzika, na sahani ya dagaa hupungua kimo au huongezeka bei. Mgeni aliyekula siku ishirini kabla akashiba, anaporudi akapewa kidogo, hudhani kaibiwa. Tena katika mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, tangu tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Mtu aliyefika mjini katika kipindi hicho akauliza mgebuka mbichi au kuhe, akajibiwa kuwa hakuna, kisha akauandikia mgahawa nyota moja kwa kukosa samaki kando ya ziwa, alikuwa ametia sahihi hukumu juu ya mtu aliyekuwa akitii amri. Mchuzi wa mawese nao una wasioujua: rangi yake nyekundu na mafuta yake mazito, ambayo kwa mtu wa Kigoma ndiyo raha yenyewe ya kisamvu, mgeni wa mbali huyaita uchafu au mafuta ya kurudiwa. Haya ni makosa ya kutouliza, na dawa yake ni mpishi kuyaeleza kwa upole, mara moja, mahali pale pale yalipoandikwa.

Nyota zenyewe zina dhuluma katika hesabu yake, nayo huwaangukia wadogo. Mgahawa wenye maoni manne tu, yote ya nyota tano, ukimpata wa tano aliyetoa nyota moja, wastani wake hushuka toka 5 hata 4.2, ilhali hoteli yenye maoni 200 ya nyota tano ikipatwa na mtu yule yule kwa hasira ile ile, wastani wake hubaki karibu 4.98, wala hakuna atakayetambua. Michael Luca wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyechunguza migahawa ya mji wa Seattle katika mtandao wa Yelp na kutoa matokeo yake mwaka 2011, aliona kwamba kuongezeka kwa nyota moja kulifuatana na ongezeko la mapato la asilimia 5 hata 9, na kwamba athari hiyo iliwapata wenye migahawa ya binafsi, si makampuni makubwa yenye matawi na jina linalojulikana tayari. Marekani si Mwanga, lakini sababu yake ni moja: asiyejulikana huhukumiwa kwa maneno machache yaliyopo.

Kujibu, basi, ni lazima, ila kuna kujibu na kujibu. Wachunguzi wawili, Davide Proserpio na Giorgos Zervas, walipotazama mahoteli yaliyoanza kujibu maoni katika TripAdvisor, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017, walikuta kwamba baada ya kuanza kujibu wastani wa nyota ulipanda kidogo, kiasi cha 0.12, na idadi ya maoni ikaongezeka kwa asilimia 12. Tena malalamiko mafupi ya ovyo yalipungua, kwa sababu mtu akijua kuwa mwenye nyumba atasoma na kujibu huona haya kutupa neno lisilo na maana. Ni haya ile ile waliyokuwa nayo watu wa mabenchini mbele ya mama lishe.

Majibu mabaya nimeyasoma mengi, nayo hufanana ajabu. Mmoja humwambia mteja kwamba hakupata kufika kabisa, kwamba katumwa na jirani mwenye husuda. Mwingine humwambia kuwa maskini hawezi kujua chakula kizuri. Wa tatu hunakili maneno yale yale ya shukrani chini ya kila lawama, na hili, ijapokuwa halina tusi, huudhi kuliko matusi, kwani msomaji huona kuwa hakuna mtu aliyesoma. Jibu jema ni fupi: linataja sahani iliyolalamikiwa, linakubali lililo kweli, linaeleza lisilojulikana, linasema lililofanywa, kisha linanyamaza. Mwenye mgahawa akijibu mara ya pili na ya tatu, wasomaji huacha kufikiri juu ya samaki wakaanza kufikiri juu ya ugomvi. Wako waliochagua istihizai, kama mgahawa wa Botto Bistro huko Richmond, California, ambao mwaka 2014, kwa kuchoshwa na Yelp, uliwapa punguzo la bei wateja waliokubali kuuandikia nyota moja. Ulimwengu ukacheka, na mgahawa ukapata jina. Ilikuwa mzaha mzuri wa mara moja, wala simshauri mtu wa Ujiji auige.

Wapo pia wanaokimbilia polisi na mahakama. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuchapisha habari za uongo kwa nia ya kukashifu au kupotosha, na mpishi aliyesingiziwa sumu ambayo haikuwako ana haki ya kuikimbilia. Lakini kuiinua dhidi ya aliyesema kwamba wali ulikuwa baridi ni kuugeuza ulinzi kuwa rungu. Nchini Nigeria, Septemba 2023, mwanamke mmoja wa Lagos alikamatwa kwa sababu aliandika katika Facebook kwamba nyanya za kopo za kampuni moja zilikuwa na sukari nyingi, na malalamiko ambayo yangalisomwa na marafiki zake yakaenea duniani kote, yakiwa na jina la kampuni ubavuni. Marekani, kwa upande wake, ilipitisha mwaka 2016 sheria inayobatilisha mikataba imkatazayo mteja kutoa maoni yake ya kweli juu ya huduma aliyoilipia. Na palipo na hatari ya kweli, kama watu wengi kuharisha baada ya karamu moja, mahali pa kwanza pa kulipeleka jambo ni kwa bwana afya wa kata au Shirika la Viwango Tanzania, lililokabidhiwa usalama wa chakula mwaka 2019, ambao wanaweza kufunga jiko na kuchukua sampuli. Nyota haziwezi kufanya lolote kati ya hayo mawili.

Nami sitaki kuwaacha wakosoaji wenyewe wapite bila ya kuulizwa, hasa hawa wa video. Baadhi yao hula bure, hulipwa, kisha husifu kila kitu kwa macho yaliyofumbwa na vidole vilivyolambwa, wala hawasemi kwamba wamelipwa; na hao, kwa maoni yangu, hupotosha kuliko mwenye hasira, maana mwenye hasira hujulikana kwa maneno yake. Oobah Butler, mwandishi wa Uingereza, alionyesha mwaka 2017 ubovu wa sifa za kununua na kutunga: alikisajili kibanda cha bustani yake huko Dulwich kuwa mgahawa katika TripAdvisor, rafiki zake wakakiandikia sifa za uongo, hata kikashika nafasi ya kwanza London nzima ilhali hakikuwa kimempikia mteja hata mmoja. Afadhali namna ya Keith Lee, mkosoaji wa video wa Marekani, ambaye aghalabu huwatuma watu wa nyumbani kwake wakanunue chakula ili asitambuliwe na kupendelewa, hulipa, na hula ndani ya gari. Hata yeye, alipozuru Atlanta mwaka 2023 na kusema juu ya masharti na huduma ya migahawa fulani, aliamsha zogo kubwa, kwa kuwa mwenye wafuasi mamilioni huanguka kwa uzito hata akisema kwa upole.

Kwa mlaji wa kawaida wa Kigoma ninalo ombi. Sema mezani kwanza, kwa mama au kaka aliyekuhudumia, angali ana uwezo wa kubadili sahani. Ukishindwa kusikilizwa, andika, na ukiandika taja sahani, siku na bei, ili aliyesoma aweze kupima na aliyelaumiwa aweze kujibu. Na jambo moja ambalo nimeona wachache wakilifanya ni kurudi. Wewe uliyeandika zamani kwamba dagaa wa mahali fulani wana mchanga, kisha ukawakuta sasa ni wa kichanja, safi, fungua maneno yako ya kale uyasahihishe: ramani ya Google inakuruhusu kuyahariri bila malipo, na mwenye mgahawa hawezi kukufanyia kazi hiyo.